Ulimpa Kisogo Mwenyewe

Novemba 12, 1993, katika ukumbi wa McNichols mjini Denver, Marekani, Mholanzi mrefu aitwaye Gerard Gordeau alijikuta chini, na juu yake yuko Mbrazili mwembamba aliyevaa kimono cheupe. Gordeau alikuwa bingwa wa savate, mchezo wa Kifaransa wa ngumi na mateke, na mapema usiku huohuo teke lake lilikuwa limemng'oa jino mpiganaji wa sumo. Pale chini teke halikuwa na kazi. Akafanya jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya akielemewa kifuani: akageuka kifudifudi. Royce Gracie, aliyekuwa na uzito wa kilo 80 hivi, akapitisha mkono chini ya kidevu, akafunga, na fainali ya UFC ya kwanza kabisa ikaisha kabla ya dakika mbili kutimia.

Kumbukumbu za watu zimebaki kwenye kabali. Kwangu mimi shughuli yote iko kwenye kule kugeuka.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kabali ni nini, na wa Nairobi anaijua kwa jina la ngeta. Mkabaji wa mtaani anakuvizia. Unatoka stendi usiku, simu mkononi, naye anatokea nyuma kwa kuwa hukumwona. Kwenye mkeka wa jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa Gracie (mkeka wa mazoezi, si ule wa kubashiri mechi), hakuna wa kukuvizia. Mpinzani yuko mbele yako, taa zinawaka, mwamuzi amesimama hatua mbili kutoka mlipo. Pamoja na hayo yote, kabali ya nyuma inaendelea kuwaangusha mabingwa mwaka hadi mwaka. Anayekaba amefikaje mgongoni? Mara nyingi amekaribishwa. Hata saa ya kukaribishwa inajulikana: ni zile sekunde mbili tatu ambapo miguu ya aliye chini imeshapitwa, na mwenyewe bado hajakubali.

Mchezo huu ni mtoto wa judo. Mitsuyo Maeda, aliyetoka Kodokan, shule ambayo Jigoro Kano aliianzisha Tokyo mwaka 1882, alihamia Brazili na kumfundisha Carlos Gracie mjini Belém. Carlos na ndugu zake, akiwamo mdogo wao Hélio, wakaja kufundisha Rio de Janeiro na kuupika upya ujuzi ule kwa namna yao. Walichokikuza kuliko vyote ni mapambano ya mtu aliye chini. Katika judo, ukibanwa chali kwa sekunde 20 umeshindwa. Katika mieleka ya Olimpiki, mabega yote mawili yakigandamizwa kwenye mkeka mchezo umekwisha. Nasi tuliokamatana kwenye mchanga utotoni tulikuwa na sheria hiyohiyo bila kuandikiwa na mtu: aliyelala chali ndiye aliyepigwa mweleka, na wenzake wanamzomea. Mwili umefundwa tangu zamani kuogopa chali na kukimbilia kifudifudi.

Akina Gracie waliupindua woga huo. Kwao, mtu aliyelala chali huku miguu yake iko kati yake na mpinzani yuko nyumbani. Hapo anaitwa yuko kwenye gadi: anaweza kukaba kwa ukosi wa kimono, kuvunja kiwiko, kumpindua mwenzake na kuja juu. Kifudifudi ndiko kwenye hatari, maana macho hayaoni, mikono inafanya kazi upande mmoja tu, na shingo iko wazi. Ndiyo maana wacheza judo na wanamieleka wazuri kabisa, wenye nguvu na mafunzo ya miaka, wakiingia kwenye jiu-jitsu hupitia kipindi cha aibu. Wanamwangusha kila mtu, kisha kosa dogo likitokea mwili unawatuma kule ulikozoea, na kijana mwenye mkanda wa bluu, wa ngazi za mwanzo tu, anawadandia mgongoni.

Ili kuelewa kwa nini mtu anageuka, tazama kwanza anayepita anataka nini. Kupita gadi ni kuitoka miguu ya mpinzani na kutua ubavuni au kifuani pake. Njia ziko nyingi. Wapo wanaokamata suruali na kukimbia pembeni kama wanaozunguka meza, wapo wanaochomeka goti kati ya mapaja na kulikata mpaka upande wa pili, na wapo wanaokumbatia miguu yote miwili na kuipakia begani. Njia yoyote ile, kazi inamalizikia mahali pawili, kichwani na nyongani. Aliye juu akiliweka bega lake shavuni mwako na kuukandamiza uso wako utazame upande mwingine, uti wa mgongo wote unafuata shingo. Huwezi tena kumgeukia. Mkono wake wa pili ukizuia nyonga, huwezi kusogea. Kuanzia hapo una mambo mawili tu ya kuchagua: ubaki umebanwa, au ugeukie kule uso ulikokwisha kuelekezwa. Kule ndiko kumpa kisogo.

Basi ulinzi unaanza mapema zaidi ya wengi wanavyodhani. Mstari wa kwanza ni nyayo: ukiwa umeziweka kwenye nyonga au mikononi mwa mpinzani, hakaribii. Akizivuka, yapo magoti na miundi. Akivuka na hayo, mkono mmoja unaingia kati ya shingo yake na yako, wa pili unasimama nyongani mwake. Hapo mwanafunzi mpya hukosea kwa kusukuma. Misuli inachoka ndani ya dakika, na mkono ulionyooshwa unageuka zawadi kwa mtu anayetaka kuvunja kiwiko. Mkono unapaswa kukaa kama magogo yanayoegemeza jahazi lililopandishwa pwani maji yakikupwa. Gogo halisukumi chochote. Limekaa kwenye pembe yake, na uzito wa chombo unashukia ardhini kupitia kwake. Wakati mikono imebeba uzito kwa mfupa, nyonga zinapata nafasi ya kujitoa kwa mwendo wa kamba wa baharini, ule wa kujikunja na kurudi nyuma ambao kila shule ya jiu-jitsu duniani huufanya kama kupasha mwili joto, na ambao wanafunzi wengi huuchukia kwa kuwa hawajaambiwa ni wa nini.

Ni wa hapa. Ukijitoa kwa mwendo wa kamba unamgeukia mpinzani: kifua kwake, goti la chini linaingia kati yenu, kiwiko kinakutana na goti, na gadi imerudi. Mabingwa wa ulinzi hawana siri kubwa kuliko hiyo ya kiwiko na goti kutoachana. Nafasi ya kiganja kimoja ikifunguka kati ya kiwiko chako na goti lako, anayepita ataona mlango. Ikibaki imefungwa, atazunguka mpaka achoke.

Lakini watu wanageuka upande wa pili, na si wote kwa ujinga. Wengine wamepiga hesabu. Katika sheria za IBJJF, shirikisho linaloendesha mashindano makubwa ya kimono, kupita gadi ni pointi 3. Kumwangusha mtu, kumpindua kutoka chini, au kumwekea goti tumboni ni 2 kila kimoja. Kumkalia kifuani ni 4, na kumshika mgongoni ukiwa umeingiza visigino vyote viwili ndani ya mapaja yake, navyo hujulikana kama kulabu, pia ni 4. Na pointi haihesabiwi mpaka umeshikilia kwa sekunde 3. Hapo ndipo penye ujanja. Anayepitwa, akigeuka na kujikunja mkao wa kobe kabla ya sekunde hizo kutimia, aliyepita anaondoka na kialama cha upendeleo tu, zile 3 hazipati. Kwa mtu anayeongoza kwa pointi 2 huku saa ikikaribia mwisho, kobe ni biashara nzuri. Analeta mgongo wake sokoni, anaomba Mungu mnunuzi achelewe.

Wapo walioifanya biashara hiyo kuwa fani. Mbrazili Eduardo Telles alijijengea jina kwa kucheza akiwa kobe kwa makusudi, akimwacha mpinzani ampande kisha anabingirika naye na kutokea juu. Inapendeza kutazama. Nisingemshauri mtu mwenye miezi 6 ya mazoezi aige.

Mnunuzi asiyechelewa alikuwa Marcelo Garcia. Alizaliwa mwaka 1983 Formiga, mji wa jimbo la Minas Gerais, na mwaka 2003, akiwa na miaka 20, aliingia mashindano ya ADCC yaliyofanyika São Paulo kama mbadala tu, baada ya nafasi kupatikana. Mashindano hayo yalianza Abu Dhabi mwaka 1998 kwa fedha na mapenzi ya Sheikh Tahnoun bin Zayed, na hata yalipoanza kuzunguka dunia yalibaki na jina la klabu ya huko. (Ndugu zetu wanaofanya kazi katika Falme za Kiarabu wanajua kwamba mapenzi hayo hayakuishia kwa watu wazima: jiu-jitsu ni somo katika shule nyingi za Abu Dhabi.) Garcia alimkuta njiani Renzo Gracie, mjukuu wa Carlos. Alimkuta pia Vítor Ribeiro, anayejulikana kama Shaolin, aliyekuwa akihesabiwa kati ya wapiganaji bora wa uzito wake. Walikuwa wamesimama. Garcia akaudaka mkono wa Shaolin, akauvuta upande wa pili wa kifua, akapiga hatua moja kuuzunguka, na kabla nusu dakika haijapita Shaolin alikuwa amezimia kwa kabali. Fainali dhidi ya Mmarekani Otto Olson nayo iliishia kwenye kabali.

Aliondoka na ubingwa wa uzito usiofika kilo 77, na akaurudia mwaka 2005, 2007 na 2011. Mwaka 2007 aliingia pia kwenye kundi lisilo na mipaka ya uzito, akafika fainali dhidi ya Robert Drysdale, mtu mkubwa kwake kabisa, akakabwa yeye. Ndivyo mchezo ulivyo.

Somo la Garcia lilikuwa kwamba mgongo hauchukuliwi mtu akiwa ametulia. Unachukuliwa katikati ya mambo: wakati anainuka, wakati anageuka, wakati mawazo yake yako kwenye pointi 3 anazotaka kukuzuia usizipate. Na jambo la pili, ambalo bado linapuuzwa vilabuni, ni mpangilio. Mwanafunzi akiona mgongo huwa anarusha miguu kwanza, anaweka kulabu, kisha anakwea juu mno na kuanguka kwa mbele kama aliyetupwa na punda. Garcia alianza na kifua. Kifua chake kikigusa mgongo wako, mkono mmoja umeshapita juu ya bega lako na mwingine chini ya kwapa la upande wa pili, viganja vimeshikana kifuani pako: mshiko wa mkanda, ule wa kwenye siti ya gari. Hapo hata ukibingirika yeye anabingirika nawe. Miguu inafika baadaye, bila haraka. Kimo chake hakikuwa kirefu wala mikono yake si mirefu, na pengine ndiyo sababu alihitaji kukaa karibu hivyo.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mgongo ni zawadi ya anayepita. Anayepita naye hutoa wake, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Kupita gadi kunadai kujitoa: uzito uende mbele, kichwa kishuke, mkono ufike mbali. Kila kimoja ni mlango. Mtu anayenyoosha mkono kulisukuma goti lako amekuletea mkono wa kuvuta, uleule wa Shaolin, safari hii wewe ukiwa umekaa chini. Anayekata goti kati ya mapaja lazima ashinde vita vya kwapa. Akiliwahi kwapa lako, umelala. Ukiliwahi lake, unaegemea kiwiko, unainuka ubavuni pake na kumtokea nyuma wakati yeye bado anasukuma kwenda mbele, mahali ambapo hupo tena. Ukiangalia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani aliye juu amepitiliza kituo.

Kizazi cha baada ya Garcia kilipeleka jambo hilo mbali mpaka wazee wakakasirika. Kuna mbinu iitwayo berimbolo: aliye chini ananasa mguu wa mpinzani kwa mguu wake kutokea nje, anabingirika kwa bega kichwa kikiwa chini, na anapomaliza mzunguko yuko nyuma ya mtu aliyekuwa amesimama mbele yake. Rafael Mendes, bingwa wa dunia mara 6 katika mkanda mweusi, pamoja na kaka yake Guilherme, waliisukuma sana; baadaye mapacha Paulo na João Miyao wakaifanya karibu kila siku ya mungu. Wakosoaji walisema huo ni mchezo wa sarakasi, na kwamba mtaani mtu atakupiga teke la uso kabla hujamaliza kubingirika. Ni kweli. Ila mtaani pia hakuna wa kusimama na kimono akikupa suruali yake uikamate, na lawama hiyo haitofautishi berimbolo na nusu ya mambo mengine ya mchezo huu. Kiufundi berimbolo ni jibu safi kwa tatizo tuliloanza nalo: badala ya kungoja kupitwa, aliye chini anauliza swali la mgongo kwanza.

Upande wa pili wa dunia ya mchezo, mahali ambapo hakuna kimono, John Danaher, aliyesomea falsafa kabla ya kuwa mwalimu katika shule ya Renzo Gracie mjini New York, aliufanya mgongo kuwa somo lenye sura na aya. Mwanafunzi wake Gordon Ryan akishafika nyuma hakimbilii shingo. Anaushughulikia mkono kwanza, anaunasa kwa mguu wake, na mlinzi aliyekuwa na mikono miwili ya kuilinda shingo anabaki na mmoja dhidi ya miwili. Mwaka 2022, Las Vegas, alimmaliza André Galvão, mkongwe aliyekuwa ameshikilia pambano kuu la ADCC kwa miaka, kwa kabali ya nyuma. Kilichonivutia kwenye mpambano ule ni upole wake. Hakukuwa na fujo, mlango mmoja baada ya mwingine ulifungwa.

Ukishapandwa, muda wako ni mfupi. Kabali iliyokaa sawa haigusi koromeo. Inabana mishipa mikubwa ya damu pande mbili za shingo, na ubongo ukikosa damu mtu huzimia ndani ya takriban sekunde 10, mara nyingi bila kusikia maumivu makali. Ndiyo maana wakaidi hawagongi mkeka kusalimu amri: wanasubiri kuumia, na hawaumii. Wanaamka wakiuliza nani ameshinda.

Kujinasua, basi, kunaanza kabla mkono haujafika. Mikono yako yote miwili inaushughulikia ule mkono mmoja uliopita juu ya bega, kwa kuwa huo ndio unaokaba. Unateremka upande wa mkono wa chini ya kwapa, kule ambako hakuna kabali, unashusha mabega mpaka yafike kwenye mkeka. Mgongo wako ukishagusa chini, hana tena mgongo wa kushika. Kisha nyonga zinaitoroka kulabu ya chini, na unamgeukia. Umerudi chali, pengine yeye anapanda kifuani, na bado ni afadhali. Wanaojaribu kusimama au kujirusha kwenda mbele kwa hasira wanamsaidia mkabaji kazi yake.

Kuhusu hesabu za waamuzi nina ugomvi wangu. ADCC humpa aliyeshika mgongo pointi 3 na aliyekaa kifuani 2, na katika mechi za mchujo za dakika 10 hakuna pointi kabisa katika nusu ya kwanza, kwa hiyo kujikunja kobe mapema hakuokoi chochote. IBJJF inasawazisha kifua na mgongo kwa 4, na inamruhusu anayepitwa kufuta jasho la mwenzake kwa kugeuka tu. Watetezi wa sheria hiyo husema adhabu ya kobe ni mgongo wenyewe: aliyeutoa atakabwa, mwamuzi hana haja ya kuongeza neno. Ni hoja yenye uzito pale mpinzani akiwa Garcia. Katika mashindano ya mkanda wa bluu na zambarau, ambako wanaojua kumaliza kutoka nyuma ni wachache, kobe huishi mpaka kengele, na aliyepita gadi kwa jasho la dakika nne huenda nyumbani na kialama kimoja. Ningekuwa na kura, ningempa pointi moja kila anayemlazimisha mwenzake kugeuza kisogo, kisha ningesubiri kuona ni wangapi wataendelea kugeuka.